Kabla Hujavuka Daraja la Korongoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa uliyeacha shughuli zako ukaja kutuona kwenye matope yetu, Meneja wa Hifadhi, walimu na wanafunzi, wageni waalikwa, ndugu, jamaa na majirani mliotoka majumbani asubuhi hii: tunawasalimu wote, na tunashukuru mmefika salama.

UKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana. Sisi ni waongoza wageni na wafyeka njia wa hifadhi hii ya msitu. Tuko thelathini na nne, na kumi na tatu kati yetu ni wanawake. Mimi ninayesoma ni mfyeka njia, nina miaka kumi na tisa kazini. Wenzangu wananiita Kipaza, kwa sababu nikiita upande huu wa bonde, upande wa pili wanaitika. Wamenipa karatasi hii kwa ajili ya sauti, si kwa ajili ya elimu.

Tunakuomba radhi mapema. Utatuona tunageuka geuka kwenye viti. Utamwona mmoja wetu anainuka, anakwenda ukingoni mwa uwanja, anautazama mto, anarudi kukaa, na kabla hajakaa vizuri ameinuka mwingine. Si utovu wa adabu. Ni miezi saba sasa tumesahau kutulia. Sababu tutaieleza.

Tunakuomba radhi pia kwa urefu. Ofisi ilitaka ukurasa mmoja na nusu. Tuliuandika, ukaenda, ukarudi na mistari myekundu. Tukauandika tena, ukarudi tena. Hii ninayosoma ni ya tatu, na Meneja wetu hajaiona. Meneja, tusamehe. Hatukukusudia kukuficha. Tulitaka tu isomwe mpaka mwisho.

HISTORIA YETU

Zamani hapakuwa na njia za wageni hapa. Zilikuwepo njia za mama zetu. Walipanda msituni kukata mianzi, wakashuka na mizigo kichwani, na wengine wakiwa na watoto mgongoni. Njia yao kuu ilipita mgongoni mwa mlima, kwenye mwamba mtupu, juu kabisa ya chanzo cha mto huu. Sisi bado tunaiita Njia ya Mama.

Miaka ishirini na miwili iliyopita hifadhi ilipoanzishwa, watu tisa waliajiriwa kufungua njia za matembezi. Walipewa mapanga, sururu, mtarimbo mmoja na ramani. Ramani ilichorwa ofisini na mtu mwenye rula nzuri. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ikanyooshwa, ikakata korongo katikati, ikawekewa daraja la kamba na mbao. Kwa njia hiyo mgeni anafika kwa dakika hamsini. Kwa Njia ya Mama anafika kwa saa moja na nusu.

Katika wale tisa, aliyebaki ni mmoja. Jina lake kazini ni Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno analowaambia wageni kutwa nzima. Yeye ndiye aliyetufundisha wengi wetu: kusikiliza mti kabla ya kuukanyaga mzizi wake, kujua udongo uliolewa maji kwa kuuchoma na fimbo, na kumwangalia mgeni usoni badala ya kumwuliza kama amechoka, maana mgeni atasema hajachoka hadi adondoke.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, hatukuja kulalamika tu. Tunayo ya kujivunia.

Tumefungua njia saba. Tumejenga ngazi za mawe mia sita na kumi na mbili, kila jiwe limebebwa na mgongo wa mtu aliyepo hapa. Tangu tuanze, mgeni aliyepotea msituni hajawahi kulala huko. Wote tuliwapata kabla ya giza, hata yule bwana aliyesema hakupotea, ila alikuwa anabadilisha mawazo.

Tumempandisha bibi harusi kileleni na gauni lake, watu wanne wameshika mkia wa gauni, akapigwa picha akiwa na bahari pande zote nne. Tumemlinda mtaalamu wa konokono aliyelala kifudifudi njiani saa nne nzima, na kazi yetu ilikuwa kuwazuia watu wasimkanyage. Tumemjibu kwa heshima mgeni aliyetuuliza huwa tunawazima vyura saa ngapi.

Wageni wanaandika kwenye kitabu kwamba wametulia rohoni. Tunafurahi. Sisi wenyewe tulikuwa hivyo. Mtu ulikuwa ukigombana nyumbani, ukipanda hadi kwenye mianzi, ukisikia yale majani yanavyosagana, ukawa umeshasahau mlikuwa mnagombania nini.

YALIYOTUKUTA KORONGONI

Sehemu hii haikuwemo kwenye karatasi zile mbili. Kwenye ya kwanza iligusiwa tu kwa maneno manne: "licha ya ajali ndogo". Tunaomba tuieleze kama ilivyokuwa.

Miezi saba iliyopita, siku ya Jumanne, Taratibu aliwapandisha wageni sita kwenda kwenye maporomoko. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alipofika kwenye daraja la korongo akasimama. Aliowaongoza wanasema alisimama muda mrefu hadi wakadhani anaomba dua. Chini ya daraja, mahali ambapo mto ungetakiwa kunguruma, kulikuwa na kauzi ka maji ya kahawia, basi.

Akawageuza wote sita, akawarudisha. Mmoja wao alikuja juu sana. Alisema ameahidiwa maporomoko, na anataka maporomoko. Akaandika malalamiko kabla hata hajavua viatu.

Meneja akamwita Taratibu ofisini. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia.

"Kwa hiyo umerudi kwa sababu maji ni machache?" Meneja akauliza. "Mimi nilidhani watu hurudi maji yakiwa mengi."

"Yamekuwa machache na mvua inanyesha, bosi. Yamezuiwa huko juu. Kuna mlima umeshuka ukafunga korongo."

"Umeuona?"

"Sijauona."

"Sasa umeona nini?"

"Nimeona maji hayapo."

Aliomba watu wawili wapande wakaangalie. Akaambiwa wiki ijayo, wageni wakipungua. Kesho yake mto ukarudi kidogo, ukaonekana kama mto. Wengi tukapumua. Tunakiri hapa mbele yako, Mheshimiwa: tulipumua, na wengine tulimcheka. Tulisema mzee sasa anaogopa hata ukame. Taratibu akapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kukatiza ziara bila sababu, hadi uchunguzi utakapokamilika.

Alhamisi, zamu ile ikaangukia kwa mpwa wake. Huyu ni binti wa dada yake, ana miaka ishirini na sita, na sisi tunamwita Cherehani. Ungemwona anavyotembea zamani ungeelewa: hatua fupi fupi, za haraka, tik-tik-tik, moja haikosi. Taratibu alikuwa getini anamsubiri. Nguo za kazi hakuwa nazo tena.

"Mwanangu, usivuke leo," akamwambia.

"Mjomba, mto umerudi. Nimeutazama."

"Umerudi nusu. Nusu nyingine iko wapi?"

Cherehani alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema bila kuinua kichwa, "Wakinisimamisha na mimi, Mjomba, mle ndani kwetu atabaki nani anayetoka asubuhi kwenda kazini? Mama atatutazama tu wawili?"

Mjomba wake akageuka kuutazama mto.

"Nitawavusha haraka," Cherehani akasema. "Wewe unanijua."

Walikuwa wageni watano. Alipofika darajani alifanya alivyofundishwa: mmoja mmoja, huyu afike ndipo yule akanyage. Wanne wakavuka. Wa tano alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mzima, alikuja kisiwani kusherehekea kustaafu. Alipofika katikati ikasikika sauti kutoka juu. Waliokuwepo wanasema ilikuwa kama malori mengi yanamwaga kokoto kwa pamoja. Mwalimu akashika kamba za pande zote mbili na akaganda.

Cherehani alikuwa ng'ambo, salama, na wale wanne. Akarudi darajani.

"Mwalimu, nitazame mimi. Maji usiyatazame."

"Siwezi kuachia."

"Achia mkono mmoja tu. Nipe huo."

"Binti, siwezi."

"Basi nikumbatie mimi kama unavyoikumbatia hiyo kamba!"

Akambandua kidole kimoja kimoja. Akamvuta, akamzungusha mbele yake, akamsukuma mgongoni hadi wale wageni wakamdaka begi lake na kumvuta ukingoni. Ilibaki hatua mbili naye afike. Mwalimu alituandikia baadaye kwamba alipogeuka kumshukuru hapakuwa na mtu, hapakuwa na daraja, na miti mizima ilikuwa inapita mbele yake ikiwa imesimama wima.

Tulimpata baada ya saa moja na dakika ishirini. Taratibu ndiye aliyemwona, hatua mia na sitini chini ya daraja, amebanwa kwenye mizizi, udongo umemfika kifuani, macho yamefunguka. Alisema neno moja: "Watano?" Mjomba wake akamjibu, "Watano wote." Ndipo akaanza kulia kwa maumivu.

Machela ilikuwa stoo. Stoo ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa mjini. Tulikata mianzi miwili tukafunga makoti ya mvua, tukambeba hivyo. Tuseme na hili pia, kwa kuwa ni haki: Meneja wetu alikuja mbio na viatu vya ofisini, akashika kona moja ya ile machela, na hakuiachia hadi barabarani. Alikuwa analia. Si mtu mbaya. Hatusomi haya kumchongea.

Nyonga ilivunjika mahali pawili. Alilazwa wiki tisa. Sasa anatembea kwa magongo mawili na anafanya kazi kwenye dirisha la tiketi. Leo dirisha liko wazi na ndani hamna mtu. Tutasema yuko wapi.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni Taratibu. Barua yake inasema amesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Uchunguzi ulikamilika. Ripoti ikasema chanzo ni mvua isiyo ya kawaida. Haikumtaja kwa ubaya wala kwa wema, haikumtaja kabisa. Tukaenda ofisini kuuliza mbona harudi. Tukajibiwa kwamba hakuna maandishi ya kumrudisha. Tukauliza kama yapo ya kumzuia. Tukajibiwa hayo nayo yamekwisha. Kwa hiyo Mheshimiwa, mzee wetu yuko nje ya mlango ambao haukufungwa na haukufunguliwa. Kila asubuhi anakuja hadi getini, anautazama mto, anawasalimu wageni kwa kofia, anarudi nyumbani.

Changamoto ya pili ni daraja jipya. Tuseme vizuri tusieleweke vibaya: daraja ni zuri. Ni la chuma, limepakwa rangi ya kijani, halitikisiki. Tulilibeba sisi wenyewe kwa mabega, vipande arobaini na vitatu, na kila tulipotua tulitazamana. Lakini limewekwa palepale. Ukingo uleule na ukingo uleule.

Tulipanda huko juu, siku yetu ya mapumziko, Taratibu akiwa mbele. Kilichoporomoka siku ile ni kama theluthi moja ya udongo uliolegea. Sehemu mbili bado zimening'inia, na juu yake kuna ufa ambao mtu anaingia hadi kiunoni. Tulipigilia vigingi pande zote mbili za ule ufa, tukafunga uzi. Baada ya wiki tisa tukarudi. Uzi ulikuwa umekatika, na vigingi vimeachana kwa shibiri moja na vidole vinne. Tuliandika barua. Jibu lilikuwa kwamba shibiri si kipimo.

Tuliomba wageni wapitishwe Njia ya Mama. Meneja, na bado tunakuheshimu, ulisema, "Ile ni ya mbuzi. Mgeni mzima wa afya ataishia katikati, sembuse aliyechoka." Tulisema tutaweka vishikio, tutakata ngazi. Ukasema tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa. Hapo tulikuelewa kuwa na wewe unasukumwa kutoka nyuma.

Changamoto ya tatu haina dawa ya ofisini. Hatulali vizuri wala hatuli vizuri. Mtu anakula, kijiko kiko njiani, anasikia mvua juu ya bati, anainuka kwenda kuusikiliza mto. Ukinguruma, roho juu. Ukinyamaza, roho juu zaidi. Mke wa mwenzetu mmoja anasema alidhani ameolewa na mwanamume, kumbe ameolewa na korongo. Mume wa mwenzetu mwingine amehesabu: katika chakula kimoja aliinuka mara sita. Watoto wetu wakicheza wanacheza mchezo wa kumtafuta mtu kwenye mizizi. Tumewakataza, wakauendeleza nyuma ya nyumba.

Na wageni wanatuuliza, "Mbona mnatukimbiza hivi? Tulikuja kupumzika." Tunawaambia taratibu, taratibu, huku miguu yetu wenyewe inakimbia.

MAOMBI

Mheshimiwa, tulikaa mara tatu kuyaandika maombi. Mara ya kwanza yalikuwa kumi na moja. Yamebaki machache.

Tunaomba Taratibu arudishwe kazini kwa maandishi, na maandishi hayo yaseme kwamba Jumanne ile alikuwa sahihi. Neno hilo la mwisho ndilo tunalolitaka zaidi. Mwenyewe hakuliomba. Tulipomwuliza alisema, "Mimi nilitaka niwe nimekosea."

Tunaomba machela na redio za mawasiliano zikae njiani, kwenye vibanda, si stoo. Na kama lazima kuwe na ufunguo, basi uning'inizwe kwenye msumari.

Tunaomba mtaalamu wa miamba apande aone ule ufa kwa kipimo chake kisicho shibiri. Akisema hauna neno, tutamwamini, tutamshukuru, na labda tutalala.

Ombi lililobaki ni la leo, la saa hii.

Ratiba inasema tukimaliza kusoma utakwenda kwenye daraja, wanafunzi watakuwa wamejipanga juu yake wanaimba, utakata utepe, utavuka pamoja nao hadi kwenye maporomoko. Tulikwenda kumwona Mwalimu Mkuu juzi, tukamweleza haya. Hakuuliza maswali mengi. Alitusikiliza huku ameshika daftari la mahudhurio, kisha akasema, "Watoto wangu watakaa pale nitakapokaa mimi." Ndiyo maana unawaona wako nyuma ya viti, Mheshimiwa, na wataimba wakiwa hapo hapo.

Hatutaki kukutisha kwa uongo. Leo asubuhi mto uko kawaida. Huko juu kuna wingu, mvua bado. Inawezekana ukavuka ukarudi, na kesho akavuka mwingine akarudi, na mwaka ukapita hivyo. Hilo ndilo linalotunyima usingizi: hatuijui siku.

Hatutakuzuia. Sisi ni nani wa kukuzuia? Lakini tumekubaliana kwamba hakuna mmoja wetu atakayekuongoza kulivuka lile daraja, wala kumwongoza mtu mwingine yeyote kuanzia leo. Tuliokubaliana ni thelathini na mmoja. Watatu hawakukubali, wana wagonjwa na wanafunzi nyumbani, na hofu ya kusimamishwa ni hofu ya kweli. Hatuna ugomvi nao. Hata sisi wengine hofu hiyo tunayo. Ikibidi barua ziandikwe, tunaomba ziwe thelathini na moja, asichaguliwe mmoja wa kuwa mfano.

Ila kutembea utatembea, ukipenda. Umevaa viatu vizuri, tumeviona uliposhuka kwenye gari, tukafurahi. Tunaomba utupe heshima ya kukupitisha Njia ya Mama. Tumeifyeka upya wiki hizi sita, jioni baada ya kazi, kwa mapanga yetu. Tumeweka kamba za kushikia mahali pa mwinuko mkali, na viti vinne vya magogo vya kupumzikia. Njia inapita kwenye mianzi, inatokea mwambani, na pale juu unayaona maporomoko yakiwa chini yako, kitu ambacho kutoka darajani huwezi kukiona.

HITIMISHO

Tuliahidi kusema Cherehani yuko wapi.

Siku aliyosikia kwamba Njia ya Mama imekataliwa kwa sababu mgeni mzima wa afya hataiweza, alikuwa kwenye dirisha lake la tiketi. Alifunga dirisha, akachukua magongo, akaenda hadi pale njia inapoanzia. Siku ile alifika kwenye mianzi tu, akarudi amelowa jasho na ana hasira. Wiki iliyofuata alifika kwenye mwinuko wa kwanza, akaanguka. Alimkataza mjomba wake kumwinua. Wiki ya tatu alifika mwambani kwa saa nne. Baadaye saa tatu na nusu. Jumapili iliyopita alitumia saa mbili na dakika hamsini, na alipotufikia alisema, "Sasa aniambie tena mtu hii ni ya mbuzi."

Leo saa kumi na mbili asubuhi, kabla viti hivi havijapangwa, aliondoka na Taratibu. Hatukumtuma. Tulimwambia wazi kwamba huenda usipite huko, kwamba una ratiba, na kwamba wakubwa wana haraka. Akasema ratiba anaijua, yeye ndiye aliyeipiga chapa. Amevaa sare yake ya kuongoza wageni, ile aliyokuwa nayo siku ile. Mama yake ameishona pale ilipochanika.

Sasa hivi ninapomaliza kusoma atakuwa ameketi kwenye mwamba, na mjomba wake pembeni. Tuliwaambia kwamba kama umekubali tutaimba, sauti itafika. Kama hukukubali tutanyamaza, na watashuka wenyewe. Amesema tu usichelewe sana, Mheshimiwa, kwa sababu akikaa kwenye baridi nyonga inakakamaa.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe na nyumba yako, aibariki miguu iliyokuleta na ikurudishe kwako ikiwa mizima. Awabariki watoto hawa waliosimama juani bila kulalamika. Ambariki Meneja wetu, ampe moyo wa kutusamehe. Na mlima huu aushike mahali pake kwa leo, na kesho, hadi sisi tutakapofanya ya kwetu.

Tunakusikiliza, Mheshimiwa.

Ni sisi,
Umoja wa Waongoza Wageni na Wafyeka Njia wa Hifadhi ya Msitu,
watu thelathini na nne, pamoja na aliyesimamishwa.